Kicheko Kinachofunga Kinywa



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, tulikuwa tumeketi chini ya mwembe tukingoja mazoezi ya kwaya. Kijana mmoja akatoa simu yake, akawaonyesha wenzake kipande cha tamthilia. Ilikuwa imefika Mambasa kama zifikavyo nyingine zote: mtu amerudi kutoka Bunia au Butembo na memori kadi iliyojaa, akawagawia rafiki zake, nao wakawagawia wao. Kwenye kioo walionekana wavulana wawili wenye sare za shule, wameketi karibu, wanatazamana. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Mmoja wetu akatamka neno ambalo sitaliandika hapa, na kikundi kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka. Mimi mlezi wenu, niliyepaswa kuwa mkubwa kati yenu, nilicheka pamoja na wengine.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu. Aliinama akazifunga kamba za viatu vyake, ingawa zilikuwa zimekwisha kufungwa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata hiyo. Nilipomkuta sokoni nikamwuliza kulikoni, alinijibu, "Yaya, kazi zimekuwa nyingi." Hata leo sijui kwa nini alituacha. Huenda kazi zilikuwa nyingi kweli. Sitaki kukisia siri ya moyo wa mtu, nanyi nawasihi msikisie. Ninachojua ni kimoja: kama alikuwa na neno la kutuambia, siku ile tulimfundisha kwamba masikio yetu yamefungwa. Ndiyo sababu ninaandika.

Niliona aibu kucheka jambo nisilolijua, hivyo nikaazima ile kadi nikaitazama tamthilia yenyewe, katika tafsiri ya Kifaransa. Inaitwa Heartstopper. Mtungaji wake ni Alice Oseman wa Uingereza, aliyeianza kama hadithi ya picha za kuchorwa. Netflix ilianza kuionyesha mwezi wa Aprili 2022, na msimu wake wa kwanza una sehemu 8. Charlie Spring ni mvulana mpole, mpiga ngoma, ambaye siri yake ilijulikana shuleni mwaka uliotangulia, naye akateswa kwa dhihaka. Nick Nelson ni mchezaji hodari wa ragbi, anayependwa na wote. Wanapangiwa kuketi pamoja darasani, na kwa siku nyingi wanachoambiana ni salamu tu. Nick anaona jinsi mwenzake anavyokimbia kwa kasi, anamwalika katika timu. Wanatembeleana nyumbani, wanacheza na mbwa katika theluji. Ujumbe unaandikwa kwenye simu, unafutwa, unaandikwa tena. Sehemu ya tatu inapokaribia mwisho ndipo wanapobusiana kwa mara ya kwanza, na mara Nick anaondoka akiwa amejaa hofu na mashaka.

Ninyi mnazijua tamthilia tulizozizoea. Mwanamume na mwanamke wanakutana barabarani, na kabla hatujashika majina yao wamekwisha kuingia chumbani. Nasi hatushangai, wala hatuzimi simu. Hii nyingine inakwenda polepole kama mtu avukaye mto asiojua kina chake. Mtazamaji analazimika kumjua Charlie kwanza: anavyoomba radhi hata pale asipokosea, anavyokula peke yake kwa kuogopa maneno, anavyomtegemea dada yake. Baada ya sehemu mbili au tatu, lile neno tulilolitamka chini ya mwembe haliwezi tena kutoka kinywani kwa wepesi, maana limepata uso na jina na mama anayemngoja nyumbani.

Nisieleweke vibaya. Siandiki ili niwaambie kwamba kila lisemwalo na tamthilia hii ni kweli. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ni agano la mwanamume na mwanamke, lililo wazi kwa uzima, na kwamba kila asiye katika agano hilo, awe nani, ameitwa kuishi usafi wa moyo na mwili. Katiba ya nchi yetu nayo, katika kifungo cha 40, inataja haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia nyingine. Tamthilia haishughuliki na maswali hayo. Mungu hana nafasi kubwa katika shule ile. Hakuna anayejiuliza wito wake ni nini, wala upendo umetolewa kwa ajili gani. Mama yake Nick anapoambiwa habari ya mwanawe, katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, anamkumbatia, na yote yanatulia jioni moja. Mambo ya nyumba zetu hayaendi hivyo, na mwandishi aliyetuficha ugumu huo ametunyima sehemu ya ukweli. Hayo ninayasema bila kuyumba. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalohalalisha kicheko chetu.

Nimeyasikia majibu yenu, kwa maana tuliyajadili mara kadhaa baadaye. La kwanza lilikuwa hili: "Yaya, hayo ni mambo ya Wazungu. Huku kwetu hayapo."

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Nchini Kenya, Peter Murimi alimfuata kwa kamera kijana mmoja kwa muda wa miaka 5 hivi, akatengeneza filamu ya hali halisi iliyotoka mwaka 2020, iitwayo I Am Samuel. Humo hakuna waigizaji. Samuel amezaliwa shambani, amekwenda Nairobi kutafuta kazi, na huko amempenda Alex. Baba yake ni mhubiri, naye haelewi kwa nini mwanawe haleti mchumba nyumbani. Filamu ile nayo inakwenda polepole: kuna mahindi, kuna ng'ombe, kuna sala, kuna chakula kinacholiwa kwa ukimya mzito. Mwezi wa Septemba 2021 bodi ya Kenya inayosimamia filamu iliipiga marufuku. Serikali zina sababu zake, na mimi si mwanasheria. Lakini bodi yaweza kuizuia filamu isionyeshwe. Haiwezi kumwondoa mwana aliyekwisha kuketi mezani pa baba yake. Yule ni mtoto wa shamba la Afrika, wa nyumba ya maombi, anayezungumza lugha tunayoielewa. Kusema kwamba hayupo ni namna nyingine ya kumwambia asituambie kwamba yupo.

Na wazazi je? Tarehe 26 Januari 2022, Baba Mtakatifu Fransisko, akimtafakari Mtakatifu Yosefu mbele ya waamini, aliwakumbuka wazazi wanaogundua kwamba mtoto wao ana mwelekeo tofauti. Aliwahimiza wawasindikize watoto wao, wasijifiche nyuma ya hukumu. Yosefu mwenyewe alipewa nyumbani mwake jambo asilolielewa, akalichukua.

Jibu la pili lilikuwa zito zaidi: "Yaya, Kanisa limekwisha kusema. Hata maaskofu wa Afrika walikataa."

Ni kweli, walisema. Tarehe 18 Desemba 2023 Roma ilitoa waraka uitwao Fiducia supplicans juu ya baraka, na tarehe 11 Januari 2024 maaskofu wa Afrika na Madagaska walijibu kwa barua iliyotiwa sahihi na Kardinali Fridolin Ambongo, askofu mkuu wetu wa Kinshasa. Walisema kwamba hawaoni vema kuwabariki watu wa jinsia moja walio katika muungano. Sentensi hiyo vijana wetu wote wanaijua kwa moyo. Lakini barua ile ile inataka watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima na kutunziwa hadhi yao. Sentensi hiyo sijamsikia hata mmoja wenu akiitaja, nami pia sikuwa nimewahi kuitaja. Barua ni moja, sahihi ni moja. Anayeichana katikati akachukua nusu inayompendeza hawezi kudai kwamba anawatii maaskofu.

Fungueni pia Katekisimu, namba 2357 hadi 2359. Namba ya kwanza inaeleza kwamba matendo hayo Kanisa haliwezi kuyakubali. Ya pili inaagiza watu hao wapokewe kwa heshima na huruma na uangalifu, na kwamba kila dalili ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Ya tatu inawaita kwenye usafi wa moyo, kisha inataja misaada itakayowategemeza katika njia hiyo: sala, neema ya sakramenti, na wakati mwingine urafiki usiotafuta faida yake. Someni tena hapo. Urafiki! Kanisa halimwambii kijana abebe mzigo wake peke yake msituni. Linamwambia kwamba atapata marafiki. Na marafiki hao watatoka wapi, kama si katika kwaya yake, katika Xaveri, katika Kizito-Anuarite, katika jumuiya hai ya mtaa wake? Tunamdai usafi wa moyo, halafu tunamnyima msaada ambao Kanisa lenyewe limemwahidi. Mtu anayemtwika mwenzake gunia na kumvunjia fimbo ya kuegemea asijisifu kwamba anatetea sheria ya Mungu.

Nakumbuka pia safari ya Baba Mtakatifu katika nchi yetu. Mlio wakubwa kidogo mlimsikiliza redioni tarehe 2 Februari 2023, alipozungumza na vijana katika Uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, akiwafundisha kwa vidole vitano vya mkono: sala, jumuiya, unyofu, msamaha, huduma. Kutoka Kinshasa alikwenda Sudani Kusini, na tarehe 5 Februari, akiwa ndani ya ndege akirudi Roma, aliulizwa juu ya sheria zinazowafunga watu kwa sababu ya mwelekeo huo. Alijibu kwamba kuwafanya wahalifu ni udhalimu. Ni mtu yule yule, juma lile lile. Tusikihesabu kidole cha sala huku tukikikunja cha jumuiya.

Jibu la tatu lilitoka kwa msichana mmoja wa Kizito-Anuarite, nami namsifu kwa ujasiri wake: "Na Mtakatifu Kizito? Si alikufa kwa kulikataa jambo hili?"

Swali hilo linastahili jibu la uangalifu. Mwaka 1886 Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, mtumishi mdogo katika jumba la Kabaka Mwanga. Karoli Lwanga aliwalinda vijana wale dhidi ya mfalme aliyetaka kuwatumia, nao wakachomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani yao. Walikataa dhambi, ndiyo. Lakini tazameni pia sura ya dhambi yenyewe: mwenye nguvu anautaka mwili wa mdogo aliye chini ya mamlaka yake, naye mdogo hana pa kukimbilia. Katika tamthilia ile yupo mvulana aitwaye Ben, anayekutana na Charlie kwa siri na kumkana mbele za watu. Katika sehemu ya kwanza kabisa anataka kumbusu kwa nguvu, Charlie akikataa, na Nick ndiye anayefika na kumwachisha. Kizito akiingia katika hadithi ile, nadhani angesimama upande wa aliyekuwa akionewa.

Na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa maana nafika kwenye jambo linaloigusa ardhi yetu. Ituri imeonja vita. Tunajua yaliyowapata mama zetu na dada zetu mikononi mwa watu wenye silaha, na kwa neema ya Mungu tumeanza kujifunza kuwasikiliza. Lakini wapo pia wanaume na wavulana waliotendewa vivyo hivyo. Wengi wao hawasemi kamwe. Hawaendi kwa daktari, hawaendi kwa padri, hawamwambii mke wala mama. Wanaogopa nini? Wanaogopa lile neno. Wanajua kwamba wakifumbua kinywa, watu hawatauliza, "Nani alikutenda hivi?" bali watacheka, na kuwaita kwa jina lile lile tulilolitamka chini ya mwembe.

Basi tazameni kazi ya kicheko kimoja. Kinamfunga kinywa kijana anayebeba ndani yake mvuto asiouchagua, ambaye angeweza kupata ushauri na rafiki. Kinamfunga kinywa pia kijana aliyedhulumiwa, ambaye hana mvuto huo hata kidogo, bali ana jeraha. Wote wawili wanaketi benchi moja nasi siku ya Jumapili, wanaitika Amina pamoja nasi, na hakuna anayewajua. Wazee walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Sisi tunauona mzaha tu, kwa sababu usaha unatumbukia ndani.

Kuna hofu moja ya mwisho, ambayo mliisema kwa sauti ya chini: tukianza kuzungumza mambo haya, urafiki wa wavulana utatiliwa shaka. Hofu hiyo naielewa. Hapa kwetu vijana wawili hutembea barabarani wameshikana mikono, kutoka shuleni hadi kisimani, na hakuna aliyewahi kuona ubaya. Ni desturi njema, na nasikitika kuona siku hizi wengine wakiachiana mikono upesi mtu anapopita. Lakini nani aliyewatenganisha? Tamthilia yenyewe haikuwaambia waachane. Waliachana kwa sababu walisikia kicheko cha watu wa kando. Yonatani mwana wa Sauli alimpenda Daudi kama nafsi yake, akavua joho lake akampa, pamoja na upanga na upinde, akahatarisha maisha mbele ya baba yake kwa ajili yake. Leo, kama Yonatani angekuwa kijana wa parokia yetu, nahofu tungalimpa jina la utani kabla joho halijafika begani mwa rafiki yake. Dhihaka haiulindi urafiki. Inautia baridi, hata ule ulio safi kabisa.

Kwa hiyo ninapendekeza nini? Sipendekezi tukae tukiitazama tamthilia hiyo kikundi kizima, wala tuipeleleze simu ya mtu. Zaidi ya yote, sipendekezi tuanze kumtafuta nani yupo namna gani. Hilo lingekuwa kosa baya kuliko la kwanza. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, lile neno, na yote yanayofanana nalo, lisisikike tena katika mikutano yetu, hata kwa mzaha, hata uwanjani tunapocheza mpira. Pili, mtu akikuamini akakuambia jambo la moyo wake, lipokee kama mali ya amana: usilipeleke kwa mwingine, usiharakishe kumhubiria, usimburute kwa nguvu mahali pa kuombewa. Msikilize hadi mwisho, kisha mwulize kama angependa umsindikize kwa padri au kwa mlezi anayemwamini. Tatu, endeleeni kumwita, kumwalika, kumgawia kazi, kushikana naye mkono. Hayo hayabadilishi mafundisho ya Kanisa hata nukta moja. Ndiyo yanayoyafanya yaweze kubebeka.

Mimi nimeanza na deni langu. Juma lililopita nilikwenda nyumbani kwa yule mwimbaji. Sikumwuliza lolote. Nilimwambia kwamba siku ile chini ya mwembe nilicheka, kwamba nilikosea, na kwamba naomba anisamehe. Alinyamaza muda mrefu, akinitengenezea nafasi kwenye kiti. Kisha akasema, "Asante, Yaya," akaniletea maji ya kunywa. Jumapili hii bado hakuja. Sitamharakisha. Nafasi yake katika sauti ya tatu tumeiacha wazi, na kila mazoezi yanapoanza mimi hutazama njia.

Maswali ya kutafakari katika vikundi:

1. Je, katika kikundi chetu kuna jambo ambalo mtu hawezi kulisema kwa kuogopa kicheko? Tumelifanyaje liwe hivyo?

2. Katekisimu inautaja urafiki kama msaada kwa anayetafuta usafi wa moyo. Sisi tunampa nani urafiki huo, na tunamnyima nani?

3. Mwenyeheri Anuarite alimsamehe aliyemwua. Ni nani tunayepaswa kumwomba msamaha kwa ajili ya maneno yetu, kabla ya Jumapili ijayo?

Mtakatifu Kizito, Mwenyeheri Anuarite, mtuombee.